Mwongozo wa Kuinua Gari kwa Asiyetaka Kuchungulia Chini

Hongera kwa kununua Land Cruiser pikapu, ile 79. Ni gari la kazi: linabeba magunia, linavuka makorongo, na mara nyingi linazeeka polepole kuliko mwenyewe. Lina kasoro moja tu. Limetoka kiwandani na kimo kilichopimwa na wahandisi, na wewe umeshaona la jirani likiwa juu zaidi. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako. Ukiufuata neno kwa neno hutahitaji tena kuamua unaelekea wapi. Kila tuta litakuamulia.

Anza kwa kuchagua kimo, na uchague ukiwa umekaa, simu mkononi, ukitazama picha za magari ya Australia. Sentimita 5 ni za waoga. Sentimita 10 ndizo za mtu anayejulikana mtaani. Muuzaji wa spea atakuletea boksi lenye springi mbili za mbele, majani ya nyuma, shokapu nne na stika ya kubandika kwenye kioo. Ichunguze stika vizuri. Usiulize kwa nini ndani ya boksi hamna hata kipande kimoja kinachohusu stelingi, maana swali hilo huwaharibia watu siku.

Akitokea mtu wa kukutia shaka, mtajie Rhino Charge. Kule Kenya, tangu 1989, watu wanayapandisha magari yaliyoinuliwa kwenye mawe na mabonde, na mwaka unaofuata wanarudi tena. Usimwambie kwamba katika mashindano yale anashinda aliyetembea umbali mfupi zaidi, si aliyekimbia kuliko wenzake, na kwamba gari linalotambaa kwa mwendo wa mguu linaweza kuwa na usukani wa ajabu bila kumdhuru mtu. Wewe utatoka nalo Arusha kwenda Minjingu, lami imenyooka, mguu umelala kwenye mafuta.

Kazi ya kufunga ni ya mchana mmoja. Jeki mbili, gogo, spana, na kijana wa kushika tochi. Ikifika jioni, nawe umeshanunua soda za watu wote, uliza kwa adabu:

“Fundi, hakuna kingine cha kubadilisha?”

“Bosi, hii ni Toyota.”

Jibu hilo limejitosheleza. Lipa, panda, ondoka.

Sasa inakuja sehemu ambayo ungefanya vizuri kuiruka. Chini ya pua ya gari, nyuma ya bampa, kuna fimbo mbili za chuma zinazokatiza gari kwa upana. Moja ni panhadi: mwisho wake mmoja umefungwa kwenye chasisi, wa pili kwenye ekseli, na kazi yake ni kuizuia ekseli isiteleze kushoto na kulia chini ya springi zake. Nyingine ni rodi ya stelingi. Hii inatoka kwenye mkono wa stelingi boksi, ambayo nayo imefungwa kwenye chasisi, na kwenda hadi kwenye gurudumu la upande wa pili. Fimbo hizi zimelazwa karibu sambamba, na urefu wake unakaribiana. Haikutokea kwa bahati.

Fimbo iliyofungwa mwisho mmoja haiwezi kupanda wima. Ncha yake inachora tao. Chukua fimbo ya mita 1 iliyolala sawasawa na ardhi. Pandisha ncha yake sentimita 5, nayo itavutwa pembeni milimita 1 na kidogo. Hakuna atakayehisi. Sasa iinamishe kwanza sentimita 10, yaani kimo ulichokinunua, halafu uipandishe sentimita zile zile 5: ncha inasogea pembeni karibu milimita 4. Ukiishusha sentimita 5 badala ya kuipandisha, inasogea zaidi ya milimita 6. Tuta ni lile lile na barabara ni ile ile. Kilichobadilika ni pale fimbo inapoanzia safari yake.

Rodi ya stelingi ikisogea milimita 4 huku ekseli imetulia pale pale, gurudumu limegeuzwa, na aliyeligeuza si wewe. Kama mkono unaoshika gurudumu una sentimita 16, hiyo ni zaidi ya digrii 1. Kati ya gurudumu la mbele na la nyuma 79 ya milango miwili ina mita 3.18; gari la urefu huo likipewa mgeuko kama huo linaanza kukata kona ya nusu kipenyo cha takriban mita 130. Kona yenyewe inadumu kufumba na kufumbua, kisha springi inarudi na kukupa nyingine ya upande wa pili. Huo ndio ugonjwa ambao watu wa magari huuita bampu stia. Kwenye barabara ya vumbi yenye mikunjo, mathalani ile inayoshuka kutoka Ngorongoro kuelekea Naabi, unaupata kwa mfululizo bila malipo ya ziada.

Lakini panhadi nayo inachora tao. Ikiwa na mwinamo ule ule na urefu ule ule, inaivuta ekseli nzima pembeni milimita zile zile, kwa wakati ule ule, kuelekea upande ule ule. Gari linahama kidogo, gurudumu halisikii ugomvi wowote kati ya rodi na ekseli, na usukani unatulia. Fimbo hizi ni watu wawili waliobeba kitanda ngazini: akipanda mmoja, mwenzake apande. Springi zako mpya zimeziinamisha zote mbili kwa pamoja, kwa hiyo bado zinasikilizana, ingawa ile tofauti ndogo ya urefu iliyokuwa imejificha sasa imeanza kujitokeza. Maana yake ni kwamba kwa kufunga springi peke yake hujapata bado bampu stia ya kujivunia. Itabidi uihangaikie, na wengi huipata dukani, katika rafu ya dawa.

Pa kuanzia ni usukani uliokaa upande. Ukitoka gereji utakuta gari linanyooka vizuri lakini usukani umeinama, kwa sababu rodi iliyoinama zaidi haifiki tena pale ilipokuwa inafika. Tiba yake ni spana mbili: unanyoosha magurudumu, unalegeza vibano vya rodi, unaizungusha mpaka stelingi boksi ikae katikati yake, unakaza. Tiba ya mwongozo huu ni nyingine. Mwambie fundi autoe usukani wenyewe kwenye meno yake, auzungushe kidogo, aurudishe ukiwa umenyooka. Dakika kumi, na kwa macho umepona. Ndani ya boksi ya aina hii meno yamepangwa yabane pale katikati, ambapo gari linakwenda moja kwa moja, na yalegee ukikata kona. Kuanzia leo safari zako za kunyooka utazifanya kwenye sehemu iliyolegea. Kona za upande mmoja zitakuwa kubwa kuliko za upande wa pili.

Kisha gari litaanza kutangatanga. Ukiwa kwenye kasi linaulizia kushoto, linaulizia kulia, na ukikata kona usukani haurudi wenyewe. Hapa wengi husema wamepata bampu stia, na wanakosea. Ekseli ya mbele ya gari hili imeshikwa na mikono miwili mirefu inayokwenda nyuma kwenye chasisi. Ukiinua chasisi mikono inainama, na ekseli inazunguka kidogo pamoja nayo, hivyo mhimili ambao gurudumu linageukia unapoteza ule mwegamo wa kulalia nyuma. Huo mwegamo unaitwa kasta. Ndio unaorudisha usukani katikati na kulifanya gari lishike njia. Kila sentimita 5 za kimo zinakula takriban digrii 2, na kiwandani hukupewa nyingi za kuchezea. Kuna bushi maalumu zenye tundu lililosogezwa pembeni, na kuna vibati vya kushusha mikono. Vyote vinairudisha kasta. Usinunue. Ukivinunua gari litapoa na hutakuwa na sababu ya kuendelea na mwongozo.

Badala yake nenda kijiweni. Kila kijiwe cha wenye magari kina mtu mmoja aliyewahi kuwa na gari.

“Hiyo dampa ya stelingi imekufa, mkuu. Weka ile nene.”

Weka ile nene. Dampa ni shokapu ndogo iliyolazwa kando ya rodi, kazi yake ni kupunguza mishtuko ya ghafla kabla haijafika mikononi mwako. Hairudishi usukani, hairekebishi kasta, na hainyooshi fimbo yoyote. Hata hivyo itakupa wiki kadhaa za furaha, kwa kuwa chochote kinachougua chini sasa kinaugua bila kelele. Ukipata yenye gesi, bora zaidi: kuna ambazo gesi yake inaisukuma fimbo ya ndani itoke nje muda wote, na gari linavuta upande mmoja. Utapeleka alaimenti, watakuambia namba ziko sawa, na kwa kweli zinaweza kuwa sawa.

Sasa tumefika kwenye kiini. Mtu wa pili wa kijiweni, aliyekuwa kimya muda wote, atakuambia kwamba rodi yako ya stelingi imeinama mno na inatakiwa kulazwa. Ameona kweli. Atakupa njia: badilisha mkono wa stelingi boksi, weka uliopinda kushuka chini, rodi ilale. Utaifunga, utasimama mbele ya gari na kuiona rodi imenyooka inavyopendeza, na hutapiga magoti kuangalia panhadi nyuma yake, ambayo bado imeinama sentimita 10 vile vile.

Hapo ndipo umeipata. Rodi iliyolala ikipanda sentimita 5 inasogea milimita 1. Panhadi iliyoinama ikipanda hizo hizo inaivuta ekseli karibu milimita 4. Tofauti inakwenda yote kwenye gurudumu. Kabla ya kununua mkono huo ulikuwa na gari refu linalotangatanga; sasa una gari refu linalotangatanga na kujikatia kona kwenye kila tuta. Linafanya hivyo hata ukifunga breki kwa nguvu, maana pua ikizama tu fimbo zinaanza kuvutana. Ukitaka matokeo hayo hayo kwa kugeuza, shusha panhadi peke yake na uiache rodi ilivyo. Tofauti itakuwa ile ile, kona zitaanzia upande mwingine.

Wapo wanaoona mkono mpya ni ghali. Wanampelekea mtu wa gesi ule wa zamani aupashe mpaka uwe mwekundu na kuupinda kwa nyundo. Hapa naomba kuweka mzaha pembeni kwa sentensi mbili. Mkono wa stelingi boksi ni chuma kilichofuliwa na kukomazwa kwa joto lililopimwa, na moto wa mtaani unauondoa ukomavu huo bila kuacha alama ya kuonekana. Ukikatika, hakuna kitu kingine chochote kinachounganisha usukani na magurudumu.

Tuendelee. Itafika siku utaambiwa tatizo ni panhadi, na utanunua panhadi ya kurekebishika, yenye nyuzi na nati kubwa ya kufungia, rangi nyekundu. Ni kifaa kizuri na kina kazi yake: ukiinua gari, panhadi iliyoinama inaivuta ekseli upande mmoja, na kwa kuirefusha au kuifupisha unairudisha katikati ili magurudumu ya kushoto yasitokeze kuliko ya kulia. Mwinamo wake haubadiliki hata ukiipaka rangi gani. Utaifunga, utapima pande zote mbili, utafurahi, na tuta la kwanza litakupokea na kona yako ileile.

Kuhusu tairi pana na spesa za kuyatoa magurudumu nje sina mengi. Zinausogeza mguso wa tairi mbali na mhimili ambao gurudumu linageukia, kwa hiyo kila jiwe linapata mkono mrefu zaidi wa kukuvutia usukani. Zinapendeza kwenye picha.

Tahadhari moja kwa msomaji mwenye udadisi. Yapo majaribio mawili ambayo mtu akiyafanya anaweza kuujua ukweli kwa saa moja, na mwongozo unayataja ili uyaepuke. La kwanza linahitaji sehemu iliyo sawa na mawe ya kuzuia magurudumu ya nyuma. Fungua kifungio cha usukani, injini ikiwa imezimwa, na magurudumu ya mbele yakanyage chini. Weka jeki chini ya chasisi, si chini ya ekseli, kisha inua pua taratibu huku ukiutazama usukani. Tairi zimeshika ardhi na haziwezi kugeuka kirahisi, kwa hiyo ugomvi wa zile fimbo mbili unapanda juu hadi ndani: usukani unaanza kuzunguka wenyewe, hakuna mtu kitini. Ukizunguka sana, fimbo hazisikilizani. Ukitikisika kidogo tu, umekuwa ukimsingizia mgonjwa asiyeumwa. Kamwe usiingize kichwa chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

La pili ni la watu wawili, na gari lisimame kwa magurudumu yake yote. Mmoja anakaa kitini, injini inawaka, gia iko huru, breki ya mkono imevutwa, anautikisa usukani kushoto kulia kwa nguvu na kwa haraka. Wa pili amelala pembeni na tochi, mikono mbali na vyuma, anaitazama bolti ya panhadi pale kwenye chasisi. Kwenye gari lililokula barabara ya vumbi utaona bolti inatembea ndani ya tundu lake: tundu lililochongwa duara limeshakuwa yai, pembeni yake chuma kinang'aa pale kinaposuguana huku kwingine kote kuna vumbi na kutu. Bushi ya mpira imepasuka na kutoka ulimi. Mng'ao ule mdogo, wenye upana wa ukucha, unaeleza zaidi kuliko kijiwe kizima. Panhadi inayocheza namna hiyo inaleta ule mtetemo wa kutisha ambapo ukigonga shimo usukani unapigapiga mikononi mpaka usimamishe gari, na watu hao hao watauita bampu stia. Ni kitu kingine. Dawa yake ni bushi, bolti ya kipimo sahihi, bearingi za ule mhimili ambao gurudumu linageukia kama zimelegea, na tundu kuzibwa na kuchongwa upya.

Na kama wewe ni mbishi kweli, unataka sentimita 10 na bado unataka kwenda unakokwenda, basi unachokifanya kwenye fimbo moja unakifanya kwenye nyingine. Ukishusha mkono wa stelingi boksi, shusha pia mguu wa panhadi kwenye chasisi kwa kiasi hicho hicho, ukipima kutoka katikati ya bolti hadi katikati ya bolti, gari likiwa limekanyaga chini na mzigo wake wa kawaida. Mguu ulioshushwa unasukumwa pembeni kwa nguvu kubwa katika kila kona; ukiwa ni kibati chembamba kilichogandishwa kwa kuchomelea upande mmoja utapinda, na utarudi kwenye mtetemo. Unahitaji mbavu, na ikiwezekana chuma cha kuushikilia kutoka upande wa pili wa chasisi. Maoni yangu, ambayo hayajawahi kumfurahisha muuza spea yeyote, ni sentimita 5, bushi za kasta, rodi irekebishwe urefu, na zile fimbo mbili ziachwe na ndoa yao.

Wenye Hilux za zamani, zile LN106 za ekseli nzima mbele na springi za majani, msicheke. Nyinyi hamna haja ya kuhangaika, mmeletewa. Rodi ya stelingi kwenye gari lenu haikatizi kwa upana. Inakwenda kwa urefu, kutoka kwenye boksi hadi kwenye gurudumu la upande ule ule, ikisukuma na kuvuta. Jani likinyooka ekseli inahama mbele au nyuma, na kila hatua inahesabika kama amri ya kugeuka. Mafundi waliochoka nayo huihamisha rodi ikatize kwa upana, ndefu na iliyolala kadiri inavyowezekana, na hiyo ni kazi ya boksi nyingine na mikono mingine, si ya jioni. Wenye Prado na Hilux Revo, ambao magurudumu yenu ya mbele kila moja lina mikono yake, mmewekewa spesa juu ya shokapu na mkaambiwa tayari. Pitieni alaimenti kabla tairi za mbele hazijalika upande mmoja, na mwangalie tairodi endi zinavyoning'inia. Mtu akiwaambia sentimita 10 kwa spesa peke yake, mwageni.

Inabaki kuuza. Kila gari la namna hii linauzwa, na mara nyingi linauzwa upesi kwa sababu kwenye picha ni zuri. Andika “halina tatizo lolote, ni kuwasha na kuondoka”. Toa dampa ile nene, utaihitaji kwenye gari lijalo. Mnunuzi akija na fundi wake, mpe fundi kiti cha mbele na soda ya baridi ili asipate wazo la kulala chini. Uendeshe wewe mwenyewe, kwenye lami mpya, asubuhi mapema, ukizungumza bila kupumzika kuhusu ulaji wa mafuta. Akiomba mrudi kwa njia ya matuta, mwambie upande ule kuna foleni.